Nilipopata Nafuu kwa Kidonge Kitupu

Kwa muda mrefu nilifundisha darasa la tano nikiwa nimevua viatu. Wanafunzi walidhani ni joto, na hapa Lodwar joto ni sababu inayokubalika kwa karibu jambo lolote, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Ukweli ni kwamba nyayo zangu zilikuwa zinawaka. Moto ulianza baada ya mapumziko ya asubuhi, na ikifika jioni ulikuwa umepanda mpaka kwenye vifundo, umechanganyika na ganzi na kitu kama kudungwa sindano nyingi kwa pamoja. Nikitembea nilihisi nimevaa soksi nzito ambazo sikuwa nimezivaa. Nikilala, hata uzito wa shuka kwenye vidole sikuuvumilia.

Mimi naishi na virusi vya UKIMWI. Nilijua hali yangu mume wangu alipokuwa mgonjwa, na nikaanza dawa baada ya kumzika. Dawa za wakati ule zilikuwa kali. Niliambiwa huenda ndizo zilizoharibu mishipa ya fahamu ya miguu, au huenda ni virusi vyenyewe, au vyote viwili. Baadaye dawa zilibadilishwa, na siku hizi nameza kidonge kimoja tu kwa siku, na damu yangu ikipimwa virusi havionekani. Lakini miguu haikurudi ilivyokuwa. Walinijaribishia dawa za maumivu za kila namna. Nyingine hazikufanya kitu, nyingine zilinifanya nisinzie mbele ya watoto. Mwishowe niliacha kulalamika. Ukishakuwa mtu aliyepaswa kufa na hakufa, unaona haya kusumbua watu kwa habari za miguu.

Ndipo utafiti ulipokuja katika kliniki yetu. Walitafuta watu wenye virusi ambao miguu yao inawaka, wajaribu kidonge kipya cha kutuliza mishipa. Tulikusanyika chini ya paa la mabati, wengine tukiwa wa mjini, wengine wafugaji waliotoka mbali, na kundi moja lililoletwa kwa gari kutoka kambi ya Kakuma. Muuguzi wa utafiti alikuwa mwanamke wa Lokitaung, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Alieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiturkana. Alisema nusu yetu tutapewa dawa, na nusu tutapewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na ukubwa, lakini ndani hakina dawa. Watafiti wanakiita plasebo. Yeye alikiita kidonge kitupu.

Mzee mmoja aliuliza nani atachagua wa kupewa kitupu. Muuguzi akasema ni kompyuta, na kwamba hata yeye mwenyewe na daktari hawatajua nani kapata nini mpaka mwisho. Mzee akauliza kwa nini wampe mtu kitu kisicho na kitu. Akajibiwa kwamba bila kundi la pili hawawezi kujua kama nafuu imeletwa na dawa au na jambo jingine. Kisha muuguzi alirudia mara kadhaa, kwa lugha zote mbili, kwamba vidonge vyetu vya kila siku vya virusi havihusiki na utafiti na hakuna atakayeviacha. Hivyo ni vya kweli kwa kila mtu, alisema.

Mwanamke aliyeketi kando yangu alinigusa mkono akaomba nimweleze tena. Alikuwa mrefu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni kambini. Huko Kakuma alikuwa anapika kisra, ile mikate myembamba ya mtama inayomiminwa juu ya bamba la chuma lenye moto. Alisimama mbele ya moto huo tangu asubuhi, na chini nyayo zake nazo zilikuwa na moto wao. Nilimweleza kwa jinsi nilivyozoea kueleza darasani. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema Mungu atatupa sisi wawili ile ya kweli. Toka siku hiyo akaniita mwalimu, nami nikamwita dada.

Tulikutana kila mwezi. Gari lao lilifika mapema, nami niliomba ruhusa shuleni. Tulivua viatu, muuguzi akatukagua. Alitushika nyayo kwa mikono yake, akatupitishia pamba, akatuwekea kwenye kidole gumba chuma kinachotetemeka na kuuliza mtetemo umeisha lini. Aliuliza tulilalaje, tulitembea mpaka wapi, moto ulianza saa ngapi, na aliandika majibu bila haraka. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunishika nyayo tangu nilipofiwa na mume.

Kabla ya mwezi wa pili kuisha nilianza kusikia nafuu. Mwanzoni niliogopa kuisema, nisije nikaifukuza. Kisha siku moja niligundua kengele ya chakula cha mchana imelia nami bado nina viatu miguuni. Jumapili nilisimama wimbo mzima kanisani, na uliofuata. Jumamosi moja niliteremka peke yangu mpaka kwenye ukingo wa mto Turkwel, nikakaa kwenye kivuli cha mti wa mkoma nikitazama wanawake wakichota maji kwenye mchanga, nikarudi kwa miguu. Mdogo wangu, ninayeishi naye, aliniona nikiingia uani akaniambia natembea kama mtu mwingine. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba nimepata dawa ya kweli.

Dada wa Kakuma hakuwa na bahati hiyo. Moto wake ulipungua kidogo tu, na badala yake alipata kizunguzungu na kinywa kikavu. Aliniambia kwa upole kwamba yake ni ile ya bure na yangu ndiyo yenyewe. Nilimhurumia. Na ndani ya huruma ile, kusema kweli, kulikuwa na furaha ya mtu aliyeangukiwa na kura nzuri.

Utafiti ulipokwisha tuliitwa wote kusikia matokeo. Daktari alisimama mbele yetu akasema makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, watu wengi tu. Lakini waliomeza dawa hawakuwa wamewapita waliomeza kitupu kwa kiasi cha kutosha kusema dawa ile inafanya kazi. Kwa hiyo haitaletwa. Alitushukuru. Mwanamume mmoja wa upande wa Lokichar, aliyewahi kuwa mlinzi kwenye visima vya mafuta, akasimama. Aliuliza kama wote wamepata nafuu, kwa nini wasigawiwe wote hicho kitupu, maana hata bei yake lazima iko chini. Watu walicheka. Daktari hakucheka. Alijibu kwamba hawezi kumpa mgonjwa kitu akimwambia ni dawa ilhali anajua si dawa. Yule mwanamume aliketi, lakini usoni alionyesha hajajibiwa, na mimi nilikuwa upande wake.

Baada ya hapo tuliingia mmoja mmoja kuambiwa tulikuwa kundi gani. Muuguzi alinikaribisha kiti. Alikuwa amekwisha kuona jibu langu, na nadhani alikuwa amefikiria namna ya kulisema.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe ulikuwa upande wa kitupu."

Nilimwambia kuna makosa. Nilimkumbusha habari za mto, za viatu, za kanisani, kama vile hakuziandika yeye. Akasema hakuna makosa, na kwamba anaamini kila nilichomwambia. Nilimuuliza, basi nilikuwa nadanganya? Alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba maumivu hayakai mguuni peke yake. Mguu hutuma habari na kichwa ndicho kinachoipokea, na kichwa kina uwezo wa kuipunguza habari ile au kuiongeza. Kikitarajia msaada, kikiona mtu anakuangalia na kukuuliza, kinaweza kweli kuipunguza. Kwa hiyo nafuu yako ilikuwa ya kweli, alisema, isipokuwa haikutoka kwenye kidonge. Nilimsikia vizuri. Ni jambo ambalo ningeweza kulifundisha. Lakini nilitoka mle chumbani kama mtu aliyekamatwa.

Dada alikuwa nje, ameegemea ukuta. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba alimeza dawa yenyewe. Nilimweleza yangu. Alinitazama miguu, halafu uso.

"Mimi nilimeza ya kweli, nikapata kizunguzungu," alisema. "Wewe ulimeza unga, ukatembea mpaka mtoni."

Gari lao lilipiga honi, akaondoka akiwa na mawazo, nami nikabaki na yangu.

Moto ulirudi wiki ileile. Haukurudi polepole kama ulivyoondoka. Ulirudi kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimevua viatu darasani tena. Nilipomweleza mdogo wangu, alisema bila ubaya wowote kwamba kumbe yalikuwa mawazo tu. Nafikiri alitaka kunifariji, kwamba basi si ugonjwa mkubwa. Lakini neno lile lilinikaa kifuani kwa muda. Kama nafuu ilikuwa mawazo, basi na maumivu yalikuwa mawazo, na miaka yote ile nilikuwa mwanamke anayejitia moto mwenyewe. Nilijaribu hata kuuzima kwa kuuamrisha, nikiwa nimekaa kitandani, nikitazama vidole vyangu na kuviambia haviumi. Haikusaidia. Ningekuwa na uwezo wa kuuzima kwa kutaka tu, ningeuzima zamani.

Siku moja baada ya shule nilirudi kliniki nikamtafuta muuguzi. Nilimwomba anipe vile vidonge vitupu. Nilimwambia najua havina kitu, sitamlaumu mtu, na sihitaji anidanganye. Nilitaka kumeza kimoja asubuhi na kuja kwake kila mwezi anishike miguu. Hakunicheka. Alisema vyote vilirudishwa vilikotoka utafiti ulipofungwa, na kwamba hata vingekuwepo asingeruhusiwa. Kisha akaniambia nivue viatu, ingawa hakukuwa na sababu, akanipitishia pamba na kuniuliza nimelalaje. Nilijizuia kulia mbele yake. Nyumbani nililia.

Haya yote yalikuwa matatizo yangu, na ningeyazoea. Jambo lililonisumbua zaidi lilitokea Kakuma.

Dada alinipigia simu baada ya miezi michache, sauti yake ikiwa nyepesi. Aliniuliza habari za miguu, akaniambia habari za biashara, kwamba mgao wa chakula kambini umepunguzwa na watu hawana cha kununulia kisra. Kisha akasema, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba ameacha vidonge. Nilidhani anazungumzia dawa za maumivu. La, alikuwa ameacha vidonge vya virusi.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema vilikuwa vinampa kichefuchefu akivimeza tumbo likiwa tupu, na siku hizi tumbo lilikuwa tupu mara nyingi. Lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa mimi. Alikuwa ameisimulia habari yangu mahali anaposali, na mhubiri wao akaipenda. Akawa anaisema mbele ya watu: yuko mwalimu mmoja Lodwar, alipewa unga mtupu na watafiti, akainuka akatembea, kwa sababu aliamini, na daktari mwenyewe akasimama akakiri kwamba dawa na unga ni sawa. Watu waliitikia amina. Hakuna neno la uongo hapo, mtu angeweza kusema. Kila kitu kilikuwa kimetokea.

Nilianza kubishana naye kwenye simu, laini ikakatika, na nilipompata tena alikuwa na wateja. Likizo ya Agosti ilipofika nikaenda Kakuma.

Nilimkuta mahali pake pa kazi, sehemu ya soko ambako wenzake wa Sudan Kusini wanauza mtama na samaki wakavu. Alinikumbatia. Nilikuwa nimejitayarisha kukuta mtu aliyekonda na kuchoka, na maneno yangu yote niliyatayarisha kwa ajili ya mtu huyo. Badala yake nilimkuta akiwa mzima, macho maangavu, anacheka na wateja. Aliniambia anakula vizuri anapopata chakula, analala, na hata miguu imetulia. Kichefuchefu kimekwisha. Tangu ameacha, alisema, anajisikia kama msichana.

Nikakaa kwenye kibao kando ya moto nikamweleza aliyonieleza muuguzi. Nilimwambia kichwa kinaweza kupunguza maumivu, lakini virusi havina masikio, haviulizi unaamini nini, na hakuna kitu kinachoweza kukaa mahali pa vile vidonge. Alinisikiliza huku akimimina uji wa mtama kwenye bamba na kuutandaza. Alinijibu kwamba nami nilikuwa nimeambiwa hayohayo na bado nilitembea. Nilimwambia kile kilikuwa kidonge cha maumivu, hiki ni kingine. Akasema vidonge vyote vinatoka kwa watu walewale. Kila nilichosema kilikuwa na jibu, na jibu lake kila mara lilikuwa ni mimi mwenyewe. Nilijisikia kama ninayegombana na kivuli changu, na kivuli kile kilikuwa kinatembea vizuri kuliko mimi.

Ndipo nilipomweleza habari za mume wangu. Sikuwa nimepanga, na mpaka siku ile sikuwa nimemsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu, hata mdogo wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia Kitale, akapita Kainuk na Lodwar mpaka mpakani, na alijulikana kwenye kila kizuizi cha barabara kwa vichekesho vyake. Alipopimwa na kukutwa na virusi, dawa zilikuwa zimeanza kupatikana hospitalini. Alikataa. Alisema dawa zile ni za watu waliokata tamaa. Kwanza alikwenda nyumbani kwao kwa emuron, mganga anayeota ndoto na kuwaombea watu, akachinjiwa mbuzi na kupakwa udongo. Alirudi akiwa na nguvu. Alikula, akaimba, akatengeneza ua wetu wa miti ulioanguka. Nguvu zilipopungua akaenda kuombewa, akarudi tena na nguvu. Mwishowe kulikuwa na mtu kule Kainuk aliyeuza maji ya mizizi kwenye mitungi ya plastiki, na haya ndiyo aliyoyaamini kuliko yote.

"Alikuwa anajisikia vizuri?" dada aliniuliza. Alikuwa ameacha kumimina.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Aliniambia ananenepa. Mimi ndiye niliyekuwa naongeza tundu kwenye mkanda wa suruali yake ili usidondoke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wiki ile ya mwisho. Jumatatu alipanda juu ya paa kupigilia bati. Ijumaa hakuweza kuinua kikombe. Hakuwa anajidanganya, dada. Alichokisikia mwilini kilikuwa cha kweli. Ila hakikuwa habari za virusi. Virusi vilikuwa vinaendelea na kazi yao."

Bamba lilikuwa linatoa moshi. Alikigeuza kisra kilichoungua, akakitupa kando, akapaka mafuta upya. Mteja alikuja akamhudumia. Kisha akaniuliza kama nitakula na mboga ya bamia au na maharagwe.

Nililala kwake siku hiyo, na kesho yake nikarudi Lodwar bila jibu. Njiani nilifikiria mambo ambayo kwa miaka nilikuwa nimeyakwepa. Siku zote nilimkasirikia mume wangu nikidhani aliigiza, kwamba alijua anakufa akanificha. Sasa, kwa sababu ya miguu yangu mwenyewe, nilielewa kwamba huenda hakuigiza hata siku moja. Alikuwa amepata nafuu kama niliyoipata mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi, wakati nikitembea kwenda mtoni, kidonge kingine kilikuwa tumboni kikifanya kazi ambayo hakuna aliyeisikia, na yeye hakuwa nacho. Kidonge kile cha kila siku hakijawahi kunifanya nijisikie lolote. Nakimeza na siku inaendelea kama ilivyokuwa. Ni vigumu kukiamini kitu cha namna hiyo ukikilinganisha na kitu kinachokuinua kitandani.

Miezi ilipita. Simu zake zikawa chache, nami nikipiga alisema yuko salama na kuniuliza habari za shule. Kisha binti yake, msichana aliyemaliza shule ya upili kambini, akanipigia kusema mama yake yuko hospitali. Alikuwa amekohoa kwa muda, amekuwa akitoka jasho mpaka godoro linalowa. Ilikuwa kifua kikuu. Madaktari walimwanzishia dawa za kifua kwanza, na baadaye kidogo wakamrudishia za virusi.

Alikonda sana. Nilipomwona wodini sikumtambua mpaka alipotabasamu. Lakini hakufa. Dawa zilimkubali polepole, kikohozi kikakauka, na alipotoka, binti ndiye aliyekuwa anasimama mbele ya moto huku yeye ameketi nyuma akipokea pesa na kutoa maelekezo. Mahali pake pa kusali bado anakwenda. Mhubiri, aliniambia, haisimulii tena habari yangu. Amepata nyingine.

Siku moja nilimuuliza kama ni habari za mume wangu zilizomrudisha kliniki. Nadhani nilitaka aseme ndiyo. Alifikiri, kisha akasema hapana. Alisema aliisikitikia habari ile, lakini alijiambia mume wangu hakuwa na imani ya kutosha. Kilichomrudisha ni asubuhi moja aliyoshindwa kuinua ndoo ya unga uliochachuka, ile aliyoiinua kila siku ya maisha yake ya Kakuma. Alijaribu mara ya pili, ikakataa. Akaketi chini akamwambia binti yake amsindikize.

Muuguzi wa Lokitaung hayupo tena. Mwaka huu fedha za wafadhili zilipopungua, wengi wa wenzake waliachishwa kazi, na nasikia amerudi kwao kusaidia duka la ndugu yake. Tulizoea kupewa vidonge vya miezi mitatu, sasa tunapewa vya mwezi mmoja, na kuna siku unaambiwa urudi wiki ijayo. Foleni ni ndefu na wanaohudumia ni wachache, na wamechoka. Hakuna anayetwambia kwa uhakika kitakachofuata.

Dada alinipigia juzi kuniuliza kama Lodwar hali ni hiyohiyo. Nilimwambia ni hiyohiyo. Alikuwa amesafiri bure kwenda kliniki ya kambini mara mbili, na safari ya tatu akapewa.

"Mwalimu," alisema, "wewe uliniambia hivi vidonge hakuna kitu kinachoweza kukaa mahali pake."

Nilimwambia ndiyo, nilisema hivyo, na ni kweli.

"Sasa vikiisha?"

Nilimwambia tutaendelea kwenda kliniki na kuuliza, na wakitwambia turudi tutarudi, na kwamba asikose hata siku moja kumeza alivyonavyo. Alisema hakosi. Kisha akanieleza kwamba mvua imenyesha milimani, na mto wa Tarach umejaa ghafla na kukata njia kati ya mji na kambi, kwa hiyo leo hakuna aliyekuja kununua, na yeye na binti yake wanakula kisra walichopika.